Kwa msomaji aliyesema kushabikia Pamba ni kujitafutia presha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu. Aliandika kwenye ukurasa huu wa barua kwamba mtu wa Mwanza anayeshabikia Pamba Jiji anajitafutia presha bure, na kwamba mwenye akili zake huchagua timu inayobeba makombe. Jina lake silijui. Ukurasa wenyewe niliupata umefungia karanga pale Buzuruga, na doa la mafuta lilikuwa limekaa palepale penye jina na tarehe. Hoja yake lakini ilisomeka vizuri, hata nikaimaliza kabla ya karanga.

Mimi ni mpishi. Nimepika kwenye nyumba za mapadri zaidi ya miaka ishirini, kwanza ng'ambo kule Sengerema, baadaye hapa mjini. Mpira niliuletewa nyumbani na marehemu mume wangu, mwana Kawekamo hasa, yaani shabiki wa Pamba, ambaye siku ya mechi alirudi kutoka uwanja wa Nyamagana sauti imekauka, hata maji ya kuoga anaomba kwa ishara. Wanangu ni mapacha: Kulwa ni Simba, Doto ni Yanga. Kwa hiyo habari za presha sihitaji kuhadithiwa. Ila presha yenyewe, ile ya kumfanya mtu mzima ashike kichwa kwa mikono miwili, sikuionea kwa Pamba. Niliionea kwa padri mmoja mzee wa Kiayalandi, sebuleni, mbele ya kompyuta.

Padri huyo (jina sitaliandika, hajaniruhusu) ni mtu wa Mayo, kaunti iliyoko magharibi ya Ayalandi. Kwao wana mpira wao wenyewe, wanaouita Gaelic football, si huu wetu. Mara ya kwanza kuuona nilidhani ni rede ya wanaume. Timu ina watu 15. Mpira wanaushika kwa mikono, wanaupiga teke, wanaupiga ngumi, wanakimbia nao, lakini zikifika hatua nne lazima uudunde chini au uupige kwa mguu urudi mkononi, la sivyo refa anapuliza. Milingoti ya goli imeendelea kwenda juu kama nguzo za umeme. Ukiupitisha mpira juu ya mtambaa panya ni pointi 1. Ukiupitisha chini, wavuni, hilo ni goli, na goli lina thamani ya pointi 3. Matokeo wanayaandika 1-17, maana yake goli moja na pointi 17, jumla 20. Hesabu hiyo alinifundisha jikoni kwa maharage niliyokuwa nachagua: jekundu kubwa ni goli, madogo ni pointi. Akayapanga mezani mechi nzima ya mwaka fulani, kila harage na jina la mfungaji. Chakula cha mchana siku hiyo kilichelewa na hakuna aliyethubutu kuniuliza.

Kisiwa chote kina kaunti 32, na fainali yao, wanayoiita All-Ireland, huchezwa Dublin kwenye uwanja wa Croke Park unaoingiza watu zaidi ya 82,000. Kombe lina jina la mtu, Sam Maguire, nao humwita Sam tu, kama jamaa yao. Mwaka wa kwanza nilimsikia Padri akiongea na dada yake kwa simu, Sam hivi, Sam vile, na uso umemshuka. Kiingereza changu cha jikoni kikanitosha kujua kuna ndugu yao aliyepotelea mjini. Nikamwombea kwenye jumuiya.

Sam huyo hajafika Mayo tangu 1951.

Wala si kwamba timu ni mbovu. Timu mbovu ingewapumzisha mapema, watu wakaendelea na kilimo chao. Mayo wanafika fainali, na hapo ndipo wanapofia. Wamepoteza fainali za 1989, 1996, 1997, 2004, 2006, 2012, 2013, 2016, 2017, 2020 na 2021. Kumi na moja hizo, Mhariri, naomba msipunguze hata moja kwa ajili ya nafasi. Ile ya 1996 walitoka sare na Meath, ikarudiwa, wakafungwa kwa pointi 1. Ya 2016 ndiyo kiboko: walijifunga wenyewe magoli mawili, mchezaji wa Dublin hakufunga goli hata moja siku hiyo, na bado Mayo wakang'ang'ana mpaka ikawa sare, 2-9 kwa 0-15. Wakarudiana baada ya karibu wiki mbili. Dublin kwa pointi 1.

Fainali niliyoikalia mwanzo hadi mwisho ni ya 2017, Jumapili, tarehe 17 Septemba. Mapadri wengine walikuwa wametoka. Kompyuta tuliiweka juu ya meza ya kupigia pasi karibu na dirisha, maana modemu ilishika mtandao pale tu, tena mpaka uiegemeze kwenye sanamu ya Mtakatifu Antoni. Mlinzi naye akaingia, akasema amekuja kuangalia usalama, akakaa chini sakafuni hadi mwisho. Wapinzani ni walewale, Dublin, jezi za samawati. Walipata goli mapema kabisa, watu hatujakaa vizuri. Mayo wakarudi mmoja mmoja, pointi kwa pointi. Kipindi cha pili Lee Keegan, ambaye ni beki, akaingia mwenyewe akafunga goli, na Padri akanishika mkono niliokuwa nimeshikia mwiko, ukaniachia alama.

Mchezo wao ni dakika 70, na hizo zilipokuwa zimekwisha wakaongezewa. Wako sawa, 1-16 kwa 1-16. Cillian O'Connor wa Mayo akapiga mpira wa adhabu, ukagonga mlingoti. Mlinzi akasema, "Aaah!" kana kwamba amezaliwa huko. Kisha Dublin nao wakapata wao. Akaja Dean Rock kupiga, na hapohapo kile kiduara kikaanza kuzunguka. Picha imeganda. Rock kaganda na mguu wake, uwanja mzima umeganda, kiduara tu ndicho kinachotembea. Mlinzi akauliza, "Bando?" Padri akasema, "Si bando." Mimi nikasukuma modemu ikamkaribia Mtakatifu Antoni miguuni. Picha iliporudi, watu wa samawati walikuwa wamekumbatiana.

1-17 kwa 1-16. Kwa maharage, 20 kwa 19.

Padri alikaa kimya kiasi cha Salamu Maria tatu. Kisha akasema, "Mwaka kesho." Akala sato wake wote mpaka macho, akaosha sahani yake mwenyewe, jambo ambalo tangu nimjue hakuwahi kulifanya, akaenda kulala na taa ya sebuleni inawaka.

Siku tatu baadaye alikuja jikoni na simu kunionyesha tulichokosa. Rock anaufuata mpira apige, na Lee Keegan anakitoa kile kidude wanachovaa mgongoni cha kupima mbio zao, anakirusha kuelekea kwake amvuruge. Kidude kikapita. Mpira ukapita nao, katikati ya milingoti. Nikamuuliza, "Hilo si kosa, Padri?" Akasema, "Ni kosa, tena kubwa." Akairudia ile video mara nne.

Kuna hadithi kwao. Mwaka 1951 timu ilipokuwa ikirudi na kombe ilipita mji wa Foxford, watu wakiimba, wakapishana na msiba bila kusimama. Inasemekana padri aliyekuwa kwenye maziko akawalaani kwamba Mayo hawatashinda tena mpaka mchezaji wa mwisho wa timu ile awe amekufa. Padri wangu alisema ni maneno ya watu, hakuna mahali yalipoandikwa. Nikamwambia, Padri, hapa kwetu hata bodaboda wa Igoma, ambaye taa nyekundu kwake ni pambo, akikutana na jeneza anazima pikipiki na kofia anavua. Hiyo haihitaji laana, hiyo ni adabu. Akacheka, lakini niliona imemwingia.

Alirudi kwao 2019, magoti yamechoka na ngazi zetu. Fainali ya Desemba 2020 ilichezwa bila watazamaji kwa sababu ya korona, na alinitumia meseji ya namba tupu: 2-14, 0-15. Dublin tena. Septemba 2021, safari hii wakiwa na Tyrone, akanitumia: 2-14, 0-15. Nikadhani simu imerudisha meseji ya zamani, nikaizima nikaiwasha. Hapana. Walikuwa wamefungwa matokeo yaleyale, namba kwa namba, fainali mbili mfululizo. Wiki mbili baadaye akafariki Paddy Prendergast, beki wa 1951, wa mwisho kubaki hai katika timu ile. Kwa hiyo laana, kama ilikuwepo, imekwisha muda wake. Sam bado hajafika, na mwaka 2025 hata hatua ya makundi Mayo hawakuvuka. Sasa hawana hata wa kumsingizia.

Niseme na hili, maana Padri mwenyewe hakunieleza mpaka nilipomuuliza kama wanawake wa huko hawachezi. Alikuna kichwa. Kumbe wanawake wa Mayo wameshabeba kombe lao la Ayalandi mara nne: 1999, 2000, 2002 na 2003. Miaka yote hiyo mimi nalia na wanaume! Laana ya msiba nadhani haikuwagusa kwa sababu wao ndio waliokuwa msibani wakipika.

Sasa msomaji wa karanga. Siku moja nilimuuliza Padri kwa nini asihamie Kerry, kaunti nyingine ya huko, maana Kerry ndio wenye makombe mengi kuliko wote. Hakukasirika. Hakulielewa swali. Alinitaka nilirudie kwa Kisukuma, nikalirudia, bado. Kwao mchezaji hanunuliwi. Hakuna dirisha la usajili, dogo wala kubwa. Anachezea parokia yake, akiwa mzuri anachezea kaunti yake, na mshahara halipwi. Chama chao, GAA, kilianzishwa 1884 na mpaka leo hawajalegeza hilo. Wanaocheza fainali ni walimu, wakulima, mafundi. Aliyekosa penalti Jumamosi, Jumatatu unakutana naye dukani ananunua mkate kama wewe. Utamhamaje? Ni sawa na kumwambia Mkerewe ahamie Ukara kwa sababu mwaka huu samaki wa huko wamenona.

Sisi tulihama. Wachezaji walitangulia, na hao siwalaumu, mtu anafuata ugali wake: akina George Masatu na Hussein Masha tuliwaona hapa na Pamba, kisha tukawaona Dar wakiwa na jezi nyekundu. Lakini sisi mashabiki tulifuata ugali gani kule? Pamba walivyoshuka daraja 2001, hapa Kirumba jezi ziligeuka madekio. Mume wangu yake aliikunja akaiweka kwenye sanduku la bati, pamoja na hati ya kiwanja. Aliendelea kwenda kibanda umiza, lakini alikuwa anakaa mlangoni, na akiulizwa ni timu gani anajibu, "Napita tu." Alipita hivyo miaka mingi. Tulimzika mume wangu, Pamba wakiwa bado huko chini.

Walikaa huko miaka 23. Waliporudi ligi kuu 2024 niliitoa jezi. Panya walikuwa wamekula mgongoni, nikaitia kiraka cha kitenge, nikaenda CCM Kirumba. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia uwanjani, na naishi mahali ambapo filimbi ya refa naisikia nikiwa naosha vyombo. Wageni walikuwa wa kutoka Dar. Sisemi ni wepi, wanangu wasije wakagombana. Uwanja umefurika, nikafurahi, nikasema kumbe watu wapo. Wageni walipoingia, jukwaa zima likasimama kuwashangilia. Nyumbani kwetu! Kijana aliyekaa kando yangu, mtu wa Nyakato kabisa, akanisalimia kwa adabu zote: "Shikamoo mama. Samahani, hiyo jezi ni ya timu gani?" Nikamwambia ni ya hawa wanaocheza kutokea kulia. Akaniangalia kwa huruma kama mtu aliyemwona bibi kizee amepanda daladala ya njia nyingine. Tulifungwa. Aliniletea maji ya chupa bila kuombwa, kwa hiyo sina ugomvi naye.

Ugomvi kidogo ninao na gazeti langu, Mhariri, mnisamehe. Timu mbili za Kariakoo zikifanya mazoezi tu mnazipa kurasa mbili na picha ya kipa akifunga kamba za viatu. Pamba wakicheza mechi ya ligi mnaibana kwenye kona ya chini, imepakana na tangazo la dawa ya nguvu za kiume. Nikimtumia Padri picha ya habari ile, na tangazo nalo linaingia.

Jumapili ya tarehe 27 Julai 2025 Padri alinipigia usiku. "Mwadila, mayu." Sauti imekuwa nyembamba, Kisukuma bado kiko palepale. Alikuwa ametoka kuangalia fainali pamoja na wazee wenzake huko anakotunzwa. Kerry waliwafunga Donegal 1-26 kwa 0-19, wakafikisha makombe 39. David Clifford peke yake pointi 9. Mwaka huo walileta sheria mpya, ukiupiga kutoka nje ya mstari wa mita 40 unapata pointi 2, kwa hiyo maharage yangu yanahitaji rangi ya tatu. Kando yake alikuwa ameketi mzee wa Donegal ambaye mpaka mwisho hakuinua macho. Nikamuuliza, "Ulimwambia nini?" Akasema, "Nilimsogezea sukari."

Akauliza habari za daraja la Kigongo-Busisi. Nikamwambia limefunguliwa Juni, urefu wake kilomita 3 na ushee, na pale tulipokuwa tukisubiri pantoni mpaka mchicha unanyauka kwenye kikapu, sasa unapita kabla hujamaliza kutafuna muwa. Alicheka, akasema nisimdanganye mzee. Kisha akauliza, "Na Pamba?"

Nikamwambia wamebaki. Majirani zetu Kagera Sugar wameshuka, ila Pamba wamebaki ligi kuu. Alipiga kelele mpaka nikamsikia muuguzi akija kuuliza kuna nini, naye akaanza kumweleza kwa Kiingereza, Mwanza hivi, Pamba vile. Yule muuguzi sijui kama alielewa. Huenda na yeye anadhani Pamba ni ndugu yake aliyepotea.

Msomaji wa karanga, kama unaishi hapahapa, msimu ukianza nitakuwa jukwaa la mzunguko. Utanitambua kwa mgongo: kiraka ni cha kitenge cha bluu chenye samaki. Karanga nitakuja nazo mimi, zimefungwa kwenye gazeti.

Mama Kulwa,
Kirumba, Mwanza